Vitabu Vinne juu ya Sahani

Jumamosi ya soko la Baraka, mwishoni mwa Juni 1956, wanawake kumi na wawili waliziba mlango wa duka la Useni kana kwamba ndani kuna msiba. Wote walivaa kitenge kimoja, cha rangi ya machungwa chenye magitaa meusi, na blauzi zilizotuna mabegani. Katikati yao alisimama Félicité, fundi wa cherehani aliyeshonea barazani hapo. Alishika sahani ya gramafoni kwa mikono miwili. Alikuwa ameisahau juani, nayo ilipinda kama jani la muhogo lililokauka.

Sahani hiyo ilikuwa imetumia wiki sita kufika kutoka Leopoldville. Mwimbaji wake, Nicolas wa Gitaa, hakuna mtu wa Baraka aliyewahi kumwona. Hata hivyo wanawake hao walikuwa na chama cha kumpenda, sare ya kumpenda, na dansi yake kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Dansi ilikuwa kesho, na watu wa Mboko walikwisha kualikwa.

Wakati huo Isidore alishuka kwenye kamio, lori lililotoka Fizi, suruali nyeupe imepigwa pasi, miwani puani, sanduku la vitabu begani. Alifundisha sayansi kwenye shule ya misheni huko juu. Wanafunzi walimwita Profesa kwa kumcheka, mwisho jina likamkaa. Aliitazama sahani, akaomba vioo viwili vya dirisha.

"Na jua lilelile lililoiharibu," alisema.

"We ni nani?" Félicité aliuliza.

"Mutu mwenye vitabu vizito."

Aliilaza sahani katikati ya vioo mpaka ikalainika, akaihamishia kivulini, akaweka juu yake vitabu vinne: cha mimea, cha nyota, cha umeme na cha wadudu. Kisha wakangoja. Félicité alishona, yeye akakaa kwenye sanduku. Wanawake walimuuliza kama anampenda Nicolas. Akajibu ukweli, na huo ndio ulikuwa ugonjwa wake: alitaka zaidi kujua kwa nini wao wanampenda. Mtu analiaje kwa sauti ambayo sura yake haijui? Yeye mwenyewe aliwahi kulia juu ya kitabu cha mtu aliyekufa zamani, lakini alilia chumbani peke yake, bila sare.

"Kulia peke yako ni kazi bure," Félicité alimwambia. "Nani atakupanguza?"

Saa kumi sahani ilizunguka ikaimba, ikitetemeka kidogo tu. Vigelegele vilifika hadi kwenye mitumbwi. Isidore hakuwa akiitazama sahani.

Tangu hapo alishuka kila Jumamosi. Alimsomea Félicité jinsi sauti inavyosafiri majini, naye akamfundisha kucheza. Isidore alicheza kama anayekanyaga udongo wa matofali, ndipo Félicité akamwita Fundi Matofali. Yeye alimwita Sindano yangu, kwa sababu bila yeye, alisema, kichwa chake kilikuwa sahani inayozunguka kimya. Soko zima lilikwisha kuwaoza.

Jumamosi moja ya Agosti alimwachia vitabu vyake amtunzie. Kati ya kile cha nyota na kile cha wadudu palikuwa na daftari. Félicité alisoma kwa masista miaka sita, hakuhitaji msaada. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mchoro wa panzi. Ukurasa wa pili uliandikwa:

"F., miaka ishirini na mitatu. Hufumba macho ubeti wa tatu. Hupiga kofi kabla ya kiitikio. Machozi: tarehe 7 na 21 Julai. Kulinganisha na K., ambaye halii."

Kurasa kumi na moja za namna hiyo.

Juma lililofuata Isidore alikuta vitabu vyake barazani, vimefungwa kamba.

"Mi si panzi," Félicité alisema bila kuinua macho. "Panzi unamuchoma pini, unaandika iko na miguu sita. Nilizani unakuja kwangu. Kumbe unakuja kuniangalia."

Isidore alieleza kwamba huandika kila anachokipenda: mvua, mwezi, kina cha ziwa. Ilikuwa kweli, na halikuwepo jibu baya kuliko hilo. Félicité alikanyaga cherehani mpaka sauti ya Isidore ikazama.

Kulthumu, mwuza maandazi na mkubwa wa chama, ndiye aliyemwambia lililobaki. Jumapili ya dansi, saa nane, ukoo wa mwenye mashua mmoja wa Kazimia ungefika kwa mjomba wa Félicité kuleta posa. Zilibaki siku nane.

"Miezi miwili umetuandika," Kulthumu alisema. "Hata siku moja haukuvaa kitenge. Mwenye kupenda anavaa, baba."

Lakini kitenge cha chama hakikuuzwa kwa mtu wa nje. Aliyekitaka aliimba wimbo mzima mbele ya bamama wa chama, bila karatasi. Isidore aliimba nyuma ya jiko la Kulthumu, mbele ya wote kumi na mmoja, Félicité hayupo. Alisahau ubeti wa tatu, akaanza upya, akausahau tena, akaendelea mbele bila huo. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Wakampa kipande. Kushona ajishonee, walisema, maana fundi wao hakutaka kumwona.

Jumapili, misa ilipotoka, uwanja mbele ya duka ulijaa. Isidore alikuja na shati lake: mkono mmoja mrefu, mwingine kwenye kiwiko, magitaa yote kichwa chini. Watu walipasuka kwa kicheko. Hakukimbia. Aliingia katikati akakanyaga matofali yake. Ubeti wa tatu ulipofika alifumba macho, akapiga kofi mapema.

Félicité alimfuata hapohapo.

"Nani alishona kitu hiki?"

"Mi mwenyewe. Nilipima mara tatu."

"Vua, nitengeneze."

"Sivui. Nikivua nitarudi kuwa mutazamaji." Alimpa daftari na kalamu. "Sasa uniandike we. Ukimaliza, useme kama nije kwa mjomba wako leo."

Félicité aliandika juu ya meza ya Useni. Wimbo ulipigwa mara mbili akiandika, akiinua macho na kuyashusha, bila kutabasamu. Miwani ya Isidore iliingia ukungu wa jasho, kwa hiyo Kulthumu ndiye aliyesoma kwa sauti:

"I., miaka ishirini na minane. Hawezi kucheza. Hawezi kushona. Husahau ubeti wa tatu lakini haachi kuimba. Hakuna wa kumlinganisha naye. Matokeo: aje kabla ya saa nane, na shati alichomekee."