Katibu wa Fundi na Zile Namba Sita

Krr… krr… krr. Giza lilikuwa halijatoka dirishani, na tayari kanyagio la cherehani lilishaanza kulia. Lilitaka mafuta tangu zamani, lakini mwenyewe hakuwa na haraka ya kulinyamazisha. Binti yake wa darasa la pili alizoea kulisikia akiwa bado kitandani, akajua mama yupo, akajigeuza upande wa pili.

Mama huyo mtaa mzima ulimwita Fundi. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuonekana kama mwezi mwandamo. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wawili, na kazi ilikuwa ya wawili pia. Mikono ya Fundi kutwa ilikuwa ndani ya vitambaa. Simu ikilia nani aipokee? Binti ndiye aliyebonyeza spika, na ujumbe ukiingia aliusoma kwa sauti. Wateja wakambandika jina: Katibu.

"Mama, mama wa mapacha anasema gauni linambana kiunoni."

"Mwambie gauni halijala kitu tangu jana. Akiulize kiuno chake."

Wakacheka. Fundi alijifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la jioni, kwa hiyo kila mtoto yule alipotamka neno refu bila kujikwaa, yeye alihisi kama ameshonewa nguo mpya.

Wazazi wenzangu, tusimcheke. Ni nani kati yetu hajawahi kumpa mtoto simu amsomee, huku mwenyewe ana povu la sabuni mpaka kwenye viwiko?

Jumamosi moja simu iliita Fundi akiwa anapachika zipu, pini kazibana kwa midomo kama kawaida ya mafundi. Katibu akabonyeza spika.

"Habari za kazi, fundi mwenzangu?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini, ya mtu aliyelelewa vizuri. "Ni mimi wa lile kundi letu la mitindo. Matapeli wametuingilia, dada yangu, kwa hiyo tunahakiki wanachama. Kuna namba sita zimeingia kwako sasa hivi. Nisomee, nisije nikakutoa kwa bahati mbaya."

Fundi hakutaka kutolewa. Kundi lile ndiko alikopata mishono mipya. Akaguna kupitia pini: "Mm. Msomee shangazi."

Katibu akasoma kama alivyofundishwa, tangu mwanzo wa ujumbe. "Usi-m-pe m-tu ye yo-te…"

"Hayo maneno yaache, mwanangu," sauti ikasema. "Huja kwa kila mtu. Namba tu."

"Namba tu, mama," Fundi naye akasema, pini moja ikamdondoka. "Shangazi ana haraka."

Mtoto akazisoma zote sita, moja baada ya nyingine, kwa sauti safi. Akasifiwa. "Una akili wewe!" Simu ikakatika.

Mchana ule ukurasa wake wa ujumbe kwenye simu ulimtoa Fundi nje kama mgeni asiyealikwa. Akadhani ni mtandao. Akaendelea na zipu yake.

Jioni akaja Mwalimu, mteja wake wa miaka, ambaye pia alimfundisha Katibu darasani.

"Fundi, pole na mgonjwa. Nimetuma kile nilichokuwa nacho."

"Mgonjwa gani, Mwalimu?"

"Si umetuandikia wateja wote? Kwamba mtoto kalazwa, unaomba pesa?"

Fundi akakaa. Katibu alikuwa pale pale mlangoni, mzima, anamenya chungwa.

Basi wakaja wengine. Mama wa mapacha alikuja na khanga kaifunga kiunoni kwa shari. "Jina lako, picha yako na tepu shingoni, halafu unaniambia siyo wewe? Kwa hiyo nimemtumia jini?" Fundi alieleza kwamba aliyesomewa zile namba sita ndiye aliyeuteka ukurasa wake, akaeleza tena, mpaka maneno yakaisha ladha mdomoni. Wapo walioelewa. Wapo waliochukua vitambaa vyao ambavyo havijakatwa, wakaondoka bila kuaga.

Wifi yake, dada wa mume, alifika na mdomo wake. "Wifi yangu, mlango wa nyumba umeupiga makufuli mawili, mlango wa simu umemwachia mtoto! Kumbe mwizi mnaye humu humu ndani, mmempa na cheo cha Katibu!"

Alitania. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha wachovu. Hakuna aliyemwangalia Katibu pale mlangoni.

Siku zilizofuata zilikuwa za miguu. Asubuhi benchi la ofisi ya simu, mchana kituo cha polisi, jioni milango ya wateja, mmoja mmoja, kuomba radhi kwa kosa ambalo mwenyewe hakuwa ameliandika. Kijana wa ofisi ya simu alimsaidia hatimaye: ukurasa ukarudi, ukawekewa neno la siri la pili. Yule wa sauti laini hakupatikana.

Siku moja Mwalimu akapitia kupima gauni. Alisimama akiwa amenyoosha mikono, akasema taratibu, "Binti yako hasomi tena darasani. Nikimwita anasema macho yanamuuma."

Tepu ilisimama mgongoni mwa Mwalimu. Fundi akahesabu siku. Ni kweli, tangu lini hajamsikia mtoto akisoma hata kibandiko cha sabuni? Alikuwa na uchovu kiasi kwamba ukimya ule aliuona kama adabu.

FUNZO

Ndugu zangu, namba inayoingia kwenye simu yako ni ufunguo wako. Haombwi mtu ufunguo wa nyumba yake na mtu mwema, hata amwite dada, hata ajifanye anamkinga na wezi. Akikuharakisha, kata simu, kisha umpigie unayemjua kwa namba unayoijua. Ujumbe wa msaada ukija kwa jina la rafiki, msikie kwanza sauti yake. Weka neno la siri la pili. Ukiibiwa, sema siku hiyo hiyo, usione haya, maana haya ndiyo chakula cha tapeli. Na pini zitoe mdomoni kabla hujajibu.

Lakini kuna moja ambalo Fundi alilichelewesha, nami naomba usilicheleweshe. Nyumba ikiibiwa, mtafute mtoto umwambie kosa ni la nani.

Jioni ile Fundi alizima taa ya cherehani mapema. Akamkuta binti yake kajikunja kitandani, uso ukutani. Akaketi, miguu ikimuuma, akamshika bega.

"Mwanangu, nisikilize. Wewe ulianza kusoma onyo. Ulisoma vizuri. Mimi ndiye niliyekukatiza. Kosa ni langu, na wizi ni wa yule aliyepiga simu."

Mtoto hakugeuka upesi. Kisha akamwangalia mama yake, akasema kwa sauti:

"Kwa hiyo mimi siyo mwizi."