Shamba la Mke wa Kiprono

Maharagwe yalimwagika Ijumaa asubuhi mbele ya lango la makanisa ya Mesaimeer, Doha, wakati foleni ilikuwa imefika mpaka kwenye maegesho ya magari. Mfuko wa nailoni ulipasuka tu bila kuomba ruhusa ya mtu, na punje nyekundu zenye madoadoa zikatawanyika kati ya viatu vya Wafilipino, Wahindi, Waganda na Wakenya waliokuja kusali. Nasimiyu alisimama ameduwaa. Alikuwa amevaa gauni jipya la kitenge cha manjano lililombana kiunoni, na viatu virefu ambavyo havikumruhusu kuchutama kwa heshima.

"Usisogee, sista. Utayakanyaga."

Aliyesema hivyo alikuwa ameshapiga magoti. Alikuwa kijana mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi likanyooka, na alikuwa akiokota punje moja moja na kuzitia kwenye kofia yake huku akiwaomba radhi wenye viatu.

"Haya ni maharagwe aina ya nyayo," alisema bila kuinua uso. "Tena ya msimu huu."

"Umejuaje?"

"Maharagwe ya zamani hufifia. Haya bado yanang'aa." Akainua punje moja juani. "Na unataka kuyapika? Mbegu nzuri namna hii? Kwetu ungechapwa."

"Kwenu wapi, na nichapwe na nani?"

"Moi's Bridge. Na ungechapwa na mama yangu."

Nasimiyu alicheka mpaka bibi mmoja wa Kiganda akageuka kumtazama. "Basi mwambie mama yako yametoka kwa mama yangu, Chwele, Bungoma. Alimpa mwenzangu aliyekuwa anarudi kazini. Ruhusa ninayo."

"Ahaa, Bungoma. Mulembe, basi."

"Ebo, na salamu zetu nani kakufundisha?"

"Sisi ni majirani. Tunaazimana majembe, tutashindwa kuazimana salamu?"

Walipoingia kanisani nyimbo zilikuwa zimeshaanza. Kijana alijitambulisha kuwa Kiprono Mutai, na ile kofia ya maharagwe aliipakata mapajani ibada nzima kama aliyepewa mtoto wa watu amshike.

Mapenzi ya Doha hukulia kwenye simu, maana pa kukutania hapapatikani hivi hivi. Kiprono alikuwa dereva wa hoteli, analala kwenye kambi ya kampuni. Nasimiyu alikuwa muuguzi wa kliniki, anaishi na wenzake kwenye jengo la Fereej Bin Mahmoud ambalo mwanamume havuki mlango wake. Basi wakawa wanapigiana. Kiprono alipiga akisubiri wageni uwanja wa ndege, akapiga akiosha gari, akapiga hata asipokuwa na la kusema.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Wali. Jana pia ilikuwa wali. Kesho nasikia harufu ya wali."

"Pole, baba. Ijumaa nitakuletea githeri."

"Ukiniletea githeri nakuoa pale pale langoni."

"Nani kakwambia ninaolewa kwa githeri? Mimi ni Mbukusu, ndugu yangu. Sisi tunaolewa kwa kuku."

Majira ya baridi yalipofika na jua likaanza kuwa na adabu, walikwenda Al Wakrah kutembea kando ya bahari baada ya ibada. Kiprono alivaa jinzi na sweta la kijivu lililofumwa na dada yake Jeptoo. Nasimiyu alijitanda shali la rangi ya zambarau na kujipaka manukato kidogo nyuma ya sikio. Walikaa ukutani wakila karanga, na kila mara Kiprono alimpigia mama yake, na swali lake la kwanza lilikuwa lile lile: mbolea imefika?

Mwanzoni Nasimiyu alimtania. Halafu akaelewa. Ardhi ya kina Kiprono ilikuwa imechoka, mahindi yamepandwa juu ya mahindi tangu enzi za babu, na mwaka alioondoka kwenda Qatar mavuno hayakutosha hata kuwafikisha Krismasi. Ndipo mpango wa serikali ulipofika kijijini kwao: mbegu bora, mbolea ya ruzuku, na afisa wa kilimo mwenye pikipiki aliyeshikilia kwamba lazima mazao yabadilishwe, mahindi msimu huu, maharagwe ujao, kisha alizeti. Mama alikataa alizeti katakata, akasema maua hayaliwi. Sasa kikundi chao kilikuwa na mashine ya kukamua mafuta, na mama huyo huyo ndiye mweka funguo.

Kwa hiyo kila zamu ya maombi ya kikundi cha kanisani ilipomfikia, Kiprono alimshukuru Mungu kwa uhai, akamshukuru kwa kazi, halafu akamshukuru kwa mbolea. Watu walibana vicheko. Nasimiyu naye alibana chake, ingawa alijua fika kwamba maharagwe ya mama yake, yale yaliyomwagika langoni, yalitokana na mbegu za mpango huo huo.

"Masika haya narudi nyumbani," Kiprono alimwambia siku moja pale ukutani. "Ila sitaki kurudi peke yangu."

Akaendelea kumenya karanga. Kiprono alikuwa na ugonjwa wa wanaume wengi: akishasema nusu, hudhani amesema yote. Nasimiyu aliisubiri ile nusu nyingine mpaka karanga zikaisha.

Lakini moyoni alikuwa amekata shauri. Mkataba wake ulikuwa unafika ukingoni, na mudiri, mkuu wa kliniki, alitaka jibu Jumapili: kuongeza miaka mingine au kufunga virago. Angefunga virago. Hakumwambia Kiprono, kwa sababu alitaka aulizwe kwanza. Na kulikuwa na sababu nyingine. Zamani, huko nyumbani, aliwahi kuchumbiwa na mwalimu mmoja, sare za harusi zikashonwa, kisha ikajulikana kwamba mwalimu ana mke Kitale. Aibu ile ndiyo iliyompandisha ndege.

Ijumaa iliyotangulia Jumapili hiyo, watu walikuwa wamesimama uani kwa chai baada ya ibada. Akaja kijana mgeni, Benard, aliyewasili kutoka Kenya wiki ile ile kufanya kazi ya ulinzi. Alikuwa na chupa iliyofungwa kwa gazeti na mkanda wa gundi, na sauti isiyojua kunong'ona.

"Kiprono Mutai ni nani hapa? Mzigo wako, bro. Mimi ni wa ng'ambo ya mto kwenu. Nilikutana na mama yako sokoni, akanipa haya mafuta ya alizeti. Amesema yametoka shamba la mke wako."

"Shamba la nani?"

"La mke wako. Na usijifanye hujui, huyo mke wako ni noma. Siku ya wakulima afisa alitupeleka wote shambani kwake. Alizeti zilikuwa zimeshinda za kijiji kizima. Afisa akaita, mke wa Kiprono Mutai apite mbele, dada wa watu akapita, tukampigia makofi. Mama yako alikuwa pale meno yote nje."

Kiprono alimkodolea macho. Na kule kushikwa na bumbuwazi ndiko kulikomponza, maana Nasimiyu aliyekuwa kando yake na vikombe viwili vya chai aliuona mshangao akadhani ni hatia.

"Nasimiyu, mimi sina mke."

"Kijiji kizima kimempigia makofi, Kiprono."

"Ninakuapia, sijui anasema nini huyu."

"Hata yule mwingine aliapa." Akaweka vikombe vyote viwili juu ya ukuta, taratibu, visimwagike, akaenda zake kutafuta teksi.

Kiprono alimpigia mama yake pale pale. Simu imezimwa. Alipiga tena jioni, na alfajiri ya Jumamosi, imezimwa vile vile. Alijua sababu, simu imepelekwa sokoni kuchajiwa na haijafuatwa, lakini kujua sababu hakukumsaidia kitu. Nasimiyu naye alikuwa hapokei.

Asubuhi hiyo chumbani kwao, Peninah aliyelala kitanda cha pili alimtazama Nasimiyu akipiga pasi sare ya kazi ambayo ilikuwa imeshapigwa pasi.

"Kwa hivyo umeamua?"

"Kesho natia sahihi. Nakaa hapa. Wagonjwa hawana wake Moi's Bridge."

"Umemsikiliza lakini?"

"Nimesikiliza wanaume wa kutosha."

"Huyo ni mtu aliyekaa na maharagwe yako mapajani ibada nzima, Nasi. Angekuwa mwongo angeyaacha kwa mlinzi."

Nasimiyu aliendelea kupiga pasi. Alilia kidogo, akasingizia mvuke wa pasi.

Jumamosi mchana simu ya nyumba ililia. Alikuwa Harun, Mganda mlinzi wa mlango, mtu wa maneno machache. "Sista, kuna bwana hapa chini. Ametembea na jua lote hili. Nimemwambia aende, amekataa. Nimempa maji. Shuka kabla sijamwita daktari."

Alishuka na kandambili, kitambaa cha kulalia kichwani, makusudi, ili Kiprono ajue hakujipambia mtu. Alimkuta kwenye kivuli cha baqala iliyo chini ya jengo, duka dogo la chai ya karak na kadi za simu. Sare yake ya udereva ilikuwa imeloa jasho mpaka mgongoni. Mkono mmoja ulikuwa na ile chupa ya mafuta, mwingine umekamata simu.

"Sikuja kujitetea," alisema. "Simu ya mama imewaka. Nimempata, nikamuuliza, akanigombeza, akasema hazungumzi na mimi. Anataka wewe."

"Mimi nina nini na mama yako?"

"Hata mimi ameninyima jibu. Yuko hapa, anasubiri."

Nasimiyu aliipokea simu kwa heshima ya mama wa mtu tu, akamsalimu kwa lugha yake. "Chamgei, mama."

"Chamgei mising, mwanangu. Wewe ndiye Nasimiyu?" Sauti ilikuwa nzito na ya upole, na nyuma yake jogoo akiwika. "Nasikia umekasirikia shamba."

"Si shamba, mama. Ni mwenye shamba."

"Mwenye shamba ni wewe."

Nasimiyu aliegemea friji ya soda.

"Nisikilize," mama aliendelea. "Mimi nilipokuwa msichana, mama mkwe wangu alinikatia shamba kabla sijamwona kwa macho. Mwanawe alikuwa amelitaja jina langu mara nyingi mno, akaona isiwe shida. Huyu wangu amekutaja kila Ijumaa. Nikakukatia kipande cha kule mtoni. Mwanamume haambiwi hayo mpaka aombe wazee wapelekwe kwa wazazi wa msichana. Nimengoja aombe. Yeye ananiuliza mbolea."

Kiprono, aliyekuwa anasikia kila neno, akainamisha kichwa.

"Sasa afisa akasema mbegu za alizeti zinatolewa kwa kila nyumba yenye shamba lake. Nikamwonyesha langu, nikamwonyesha na lako. Akauliza mwenyewe yuko wapi. Nikamwambia ni mke wa Kiprono, yuko Arabuni anauguza watu, atakuja. Akaandika hivyo. Jeptoo ndiye aliyekupalilia, na siku ile walipoita akaenda mbele badala yako, akaona haya mpaka akaficha uso. Yale makofi yalikuwa yako, mwanangu. Na hayo mafuta nilimpa yule kijana yakufikie wewe."

Machozi yalimtoka Nasimiyu, akayaacha yatoke. Siku nzima na usiku kucha alikuwa amemwonea wivu mwanamke wa Moi's Bridge mwenye alizeti nzuri, na mwanamke huyo alikuwa yeye. Alishukuru, akashukuru tena, hata hakujua anamshukuru nani kwanza, mama huyu, Jeptoo, au afisa mwenye pikipiki.

"Futa machozi," mama alisema. "Basi nina swali moja. Afisa anauliza mwenye shamba atapanda nini baada ya alizeti. Mimi siwezi kumjibu. Shamba si langu."

Kiprono aliinua macho. Muuza duka, Mhindi wa Malabari asiyejua neno la Kiswahili, aliacha kumimina chai kwa kuona tu nyuso zao.

"Maharagwe, mama," Nasimiyu alisema. "Nyayo."

"Nimwambie Jeptoo apande?"

"Hapana. Nitakuja kupanda mwenyewe."

Mama alicheka kicheko kirefu. Kiprono akajikuna kichwa. "Nasimiyu, lakini mimi bado sijakuuliza."

"Uliza basi. Mama yako yuko kwenye laini, na kadi inakwisha."

"Utakubali kuwa mke wangu?"

"Na kuku?"

"Kuku wapo," mama alisema kwenye simu, kisha laini ikakatika.

Walisimama wakitazamana. Nasimiyu akanyoosha mkono. "Lete hiyo chupa. Hayo ni mafuta yangu."

Jumapili alimwambia mudiri khalas, imetosha, asante kwa yote, ananyoosha njia. Ijumaa iliyofuata zamu ya maombi ilikuwa ya Kiprono tena. Alimshukuru Mungu kwa uhai, akamshukuru kwa kazi, akamshukuru kwa mbolea, na watu wakaanza kubana vicheko vyao. Safari hii mwanamke mwenye gauni la manjano hakubana chochote. Alisema amina kabla ya wote, kwa sauti, na chakula cha mchana siku hiyo kilikaangwa kwa mafuta ya alizeti ya shamba lake.