Mizani ya Dangiso na Chipu ya Tatu

Dangiso alilehemu mguu wa mwisho wa chipu ya mizani yake ya umeme, akapuliza moshi. Hiyo ilikuwa chipu ya tatu. Mbili za kwanza ziliungua, na nyingine haikupatikana mji mzima wa Yirgalem.

"Hii nayo ikiungua, wakulima tutarudi kwenye mizani ya mlanguzi," alisema mkewe, Adanech. "Jasho letu ataliiba tena."

"Hatatuibia."

Aliweka gunia la kahawa juu ya mizani. Akanyoosha mkono kuwasha amplifaya, kifaa kinachokuza umeme mdogo wa mizani.

"Ngoja, shemeji!" Alikuwa jirani yao Mulunesh, fundi wa vifaa vya hospitali, akiingia mlangoni. "Mbona unaiwasha peke yake, chipu bado imezimwa?"

"Lazima ipate moto kwanza. Ndivyo alivyonifundisha baba."

"Baba yako alitengeneza redio za zamani, za taa za kioo. Zile ndizo zilizongoja moto. Hii unaipasha ya nini, kwani ni mkate wa injera?"

Adanech akaangua kicheko. Dangiso hakucheka, ila aliurudisha mkono.

Mulunesh alichomoa kwenye chipu waya uliotoka kwenye amplifaya, akauunga kwenye mita ya volti. "Haya, washa."

Mshale uliruka hadi volti kumi na moja, kisha ukashuka.

"Chipu inayogeuza umeme kuwa namba huvumilia volti ngapi?" aliuliza Mulunesh.

"Tano." Dangiso aligusa swichi ya chipu. "Na ikiwa imezimwa, hata hizo haizivumilii. Basi nitawasha chipu kwanza."

"Vyema, lakini haitoshi. Wapagazi hawaweki gunia, wanalibwaga. Umeme utaruka vilevile."

"Nionyeshe, dada. Anayeuliza njia halali njiani."

"Weka rezista ya ohm elfu moja kati ya amplifaya na chipu, ipunguze mkondo. Baada yake, upande wa chipu, weka dayodi mbili, milango ya umeme ya upande mmoja, zile zinazofunguka mapema. Moja iende kwenye volti tano za chipu, umeme ukizidi umwagike huko. Nyingine itoke kwenye waya wa hasi, ikinge umeme usishuke chini ya sifuri."

Dangiso alilehemu taratibu. Akarudisha waya, akaunga mita kwenye mguu wa chipu, akawasha chipu kwanza, kisha amplifaya.

"Bwageni!"

Adanech na Mulunesh waliliinua gunia, wakalibwaga juu ya mizani. Kwenye mguu wa chipu, mshale ulipita tano kidogo tu, ukarudi. Namba kwenye kioo cha mizani zikacheza, zikatulia.

"Tena!"

Walibwaga hadi mshono wa gunia ukafumuka. Chipu ilikuwa nzima.

Kasha la mizani lilikuwa bado wazi, na giza limeingia. Dangiso alizima umeme. "Kufunga ni kesho."

"Kesho wa kwanza kupima ni mimi," alisema Adanech, akiokota kahawa sakafuni. "Na foleni sipangi."