Orodha Moja kwa Watoto Wote

Kila asubuhi Marlene Koski hukwangua barafu kwenye kioo cha gari, humshusha binti yake Tess shuleni, kisha huenda kazini. Yeye ni mpishi katika kituo cha kulelea watoto hapa Thunder Bay, Kanada. Watoto ni ishirini na wawili. Jumanne na Alhamisi jioni, Marlene naye huwa mwanafunzi. Anajifunza kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya Python.

Darasani hukaa nyuma. Ana miaka arobaini na moja, na wenzake wengi angeweza kuwazaa. Mwalimu akiuliza, "Nani hajaelewa?" Marlene huinamia daftari. Wiki ya somo la klasi na vitu ilipita hivyo hivyo. Alinakili yaliyokuwa ubaoni, akaitikia kwa kichwa, akaondoka hajui kitu.

Lakini kazini alijitapa. Pale kituoni, kila sahani ya mtoto huenda na kadi yenye jina lake na vyakula vinavyomdhuru. Colleen, msimamizi wao, alikuwa akiziandika kwa mkono.

"Niachie mimi," Marlene alimwambia. "Programu yangu itazichapa."

"Umeijaribu, Marlene?"

"Nimeijaribu."

Jumatatu, Colleen akiwa mkutanoni mjini, Marlene aliwasha printa. Kadi ya kwanza ilikuwa ya Beckett: maziwa, mayai, karanga, samaki, ngano. Marlene akakunja uso. Beckett hudhuriwa na karanga tu. Kadi ya pili ilikuwa ya Juniper: maziwa, mayai, karanga, samaki, ngano. Zote zilikuwa hivyo. Kadi za zamani zilikwisha kutupwa, na fomu za wazazi zilikuwa kabatini, ufunguo anao Colleen.

Marlene hakuthubutu kubahatisha. Siku hiyo watoto wote walikula viazi vya kuchemsha na tufaha.

"Mimi nakula samaki!" Juniper alilia. "Mwambieni Marlene! Mimi nakula samaki kila siku!"

Colleen aliporudi alizisoma kadi zile akiwa amesimama.

"Leo wamekosa samaki," alisema polepole. "Je, kama programu ingekosea upande mwingine? Beckett angepewa kadi tupu? Unajua koo lake linavyovimba."

"Najua."

"Kesho naandika kwa mkono. Na hiyo programu yako, sidhani kama naitaka tena."

Uso wa Marlene uliwaka kama aliyepigwa kibao. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Nyumbani, Tess hakumsaidia. "Mama! Yaani umewapa watoto wote ugonjwa kwa siku moja?"

"Nyamaza, Tess."

Kabla ya chakula cha jioni, Marlene alivaa buti, akaichukua kompyuta aliyoazimwa na jirani yao, Bi Verna Wabasse, akavuka barabara. Bi Verna alikuwa ameandika programu za maghala ya nafaka bandarini kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu.

"Nakurudishia, Bi Verna. Asante. Mimi na masomo basi."

"Imeharibika?"

"Mimi ndiye niliyeharibika." Akasimulia yote, macho yakiwa kwenye zulia.

Bi Verna alicheka, lakini si kwa kejeli. "Kaa, mwanangu. Vua koti. Nionyeshe ulichoandika."

Alisoma mistari michache tu. "Niambie, klasi ni nini?"

Marlene aliitazama mistari ile. Machozi yalimlengalenga. "Sijui. Nilinakili tu."

"Vizuri. Sasa tuna pa kuanzia. Fikiria fomu ya kuandikisha mtoto, ile tupu. Ina nafasi ya jina na nafasi ya vyakula. Hiyo ndiyo klasi. Mzazi akiijaza, ikawa ya Beckett, hicho ni kitu. Fomu ya Juniper ni kitu kingine. Umbo ni moja, habari ni mbalimbali."

"Na kazi zake? Mwalimu alitaja kazi."

"Yale ambayo kila kitu kinaweza kufanya. Kwa mfano, kuchapa kadi yake. Unaiandika mara moja katika klasi, na kila mtoto anaitumia kwa habari zake mwenyewe."

"Mbona basi zilichanganyika?"

"Pale kituoni glavu za watoto mnaweka wapi?"

"Kila mtoto ana ndoano yake, na mfuko wake."

"Wewe kwenye programu umetundika mfuko mmoja mlangoni. Kila mzazi anayeingia anatumbukiza glavu humo humo. Jioni Juniper akitafuta zake, anakuta za kituo kizima." Bi Verna alionyesha kwa kidole. "Orodha yako umeiandika juu huku, kwenye klasi yenyewe. Kwa hiyo ni moja kwa wote. Ishushe hapa, kwenye sehemu inayofanya kazi kila mtoto mpya anapoandikishwa. Itanguliwe na lile neno la kusema 'hii ni yangu mwenyewe'."

Marlene aliishusha. Mstari mmoja tu.

"Lakini Bi Verna, nilipoijaribu ilikubali!"

"Uliijaribu kwa watoto wangapi?"

Marlene alijifunika uso. "Mmoja."

"Mfuko wa mlangoni ukiwa na glavu za mtoto mmoja, nani ataona kosa? Kila ukiandika klasi, tengeneza vitu viwili. Badilisha kimoja, kisha tazama kile kingine. Kikibadilika bila kuguswa, kuna mfuko mlangoni."

Wakajaribu. Beckett: karanga. Juniper: hakuna.

"Kompyuta rudi nayo," alisema Bi Verna. "Na kesho nenda darasani."

Asubuhi Marlene alibisha mlango wa Colleen.

"Nilikudanganya," alisema. "Niliposema nimeijaribu, niliijaribu kwa mtoto mmoja tu. Na sikuelewa nilichoandika. Sasa naelewa. Siombi uiamini. Naomba uikague."

Colleen alichukua ufunguo. Kisha akafungua kabati, akatoa fomu zote. "Kadi zangu za mkono ndizo zitakazokwenda mezani mpaka Ijumaa. Zako tutazilinganisha, moja moja."

Wakafanya hivyo siku nne. Kadi hazikupishana hata neno. Alhamisi aliandikishwa mtoto mpya, Otis, ambaye hudhuriwa na samaki. Colleen alimwandika mwenyewe kwenye programu, akachapa kadi zote ishirini na tatu, akazipekua akitafuta samaki kwa wasiohusika. Hakumkuta.

"Jumatatu tumia zako," alisema. "Mimi nimechoka kuandika."

Jumatatu, Beckett alipata mkate usio na karanga. Juniper alikula samaki, akaomba kipande kingine. Wakati wa kuosha vyombo, mpishi msaidizi alimuuliza Marlene wiki iliyopita kulikuwa na nini hasa. Uso ulimwiva tena. Akafuta mikono, akamweleza yote, tangu mwanzo.