Kadi ya Ubatizo ya Hugues

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Colombe alichota maji madumu mawili kwenye bomba la mtaa wa Nyalukemba, akachemsha chai, kisha akamwamsha kaka yake Guy. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa ngumu, maana Guy alikuwa na miaka kumi na minane na usingizi wa watu watatu. Lakini mwaka huu aliamka mwenyewe alfajiri, akanyoa ndevu kwa wembe mpya, akajitazama kwenye kioo mpaka kidevu kikawa laini kama cha mtoto. Alikuwa na sababu yake.

Klabu ya Radi ilikuwa inakufa. Msimu uliopita ilifungwa mechi kumi na moja mfululizo, na baada ya ile ya mwisho mashabiki walivunja vioo vya basi na kumpasua kocha mdomo. Aliondoka Bukavu bila kuaga. Mahali pake alikuja kocha Zagabe, mtu mfupi asiyependa porojo, akawaambia viongozi waziwazi kwamba timu hii haiponi kwa mwaka mmoja. Angechukua wavulana thelathini wa miaka kumi na minne, awalee pamoja kwa miaka mitano, na wachezaji wakongwe waondoke mmoja mmoja kadiri vijana wanavyokomaa. Kila mvulana alitakiwa kuleta kadi ya ubatizo au cheti cha kuzaliwa.

Kukata miaka, yaani kujifanya mdogo kuliko umri wako, kumezoeleka sana katika soka la mjini kwetu, na watu hucheka tu wakisimuliwa. Guy hakujisumbua hata kufuta tarehe. Alijua kwamba Maman Bibiane, mama yao, alikuwa ametunza kadi ya Hugues, mdogo wake Guy. Hugues alikufa kwa surua akiwa na miaka mitatu. Angekuwa hai, sasa angekuwa na miaka kumi na minne.

"Colombe, unipe ile kadi. Wewe unajua kwenye maman anaificha," Guy alisema.

"Ni ya Hugues."

"Hugues ataifanyia nini?" Alimkaba kifundo cha mkono mpaka machozi yakamtoka. "Na ukisema kwa mutu, nitakuvunja huu mukono."

Colombe aliitoa kadi chini ya vitenge vya mama. Tuseme ukweli, hakuitoa kwa sababu ya maumivu tu. Alitamani pia kuwa dada wa nyota.

Nyota ilipatikana. Guy alifunga mabao mechi baada ya mechi, kwa kuwa aliwazidi wenzake kimo na nguvu, na mashabiki wakaimba "Hugues! Hugues!" mpaka sauti zikawakauka. Mama alishinda sokoni Kadutu na hakuwa na habari. Colombe kila alipolisikia jina lile aliacha kupiga makofi, lakini hakumwambia mtu.

Jumamosi moja kocha aliwagawa vijana wake wacheze wao kwa wao. Upande wa pili alikuwepo Cirhuza, aliyesoma darasa moja na Colombe, kijana mwembamba mwenye miguu myepesi. Alimpiga Guy chenga, watu wakacheka. Akampiga ya pili, wakaanguka kwa kicheko. Mara ya tatu Guy hakuutafuta mpira. Aliruka na miguu yote miwili, na mfupa wa Cirhuza ukalia kama ukuni mkavu. Mguu ulipinda mahali pasipo na goti.

Kaka zake Cirhuza, waliokuwa wamekaa juu ya ukuta wa uwanja wakitazama, waliteremka wakiwa na fimbo na mawe. Walimwangusha Guy, wakampiga kichwani, mgongoni, popote palipofikika. Damu ilimfunika macho.

"Huyu hapana mutoto! Banatudanganya, iko na ndevu!" mmoja wao alipaza sauti.

Kocha Zagabe alijirusha juu ya Guy, akamfunika kwa mwili wake. "Iko na miaka quatorze, nilisoma kadi yake! Mukitaka kumupiga, munipige miye kwanza."

Walimpiga. Jiwe lilimpasua juu ya jicho, akajifuta, wala hakusogea. Mtu mmoja aliokota nondo. Colombe aliiona ile nondo ikipanda juu, akaelewa kwamba mtu mzima anataka kufa kwa ajili ya kadi aliyoitoa yeye kwa mkono wake. Alipiga moyo konde akaingia katikati yao.

"Papa coach, tulikudanganya. Huyu ni Guy, iko na miaka dix-huit. Hugues alikufaka. Iko mu makaburi."

Umati ulinguruma kwa hasira mpya. Kocha alimtazama Guy chini yake kwa muda, na angeweza kabisa kuinuka na kumwacha. Hakuinuka.

"Hata akuwe na miaka mia moja, hamuna ruhusa ya kumuua," alisema. "Mutoto wenu analia pale peke yake, na nyinyi muko hapa munapigana. Mumubebe."

Ndipo kaka zake Cirhuza walipogeuka na kumwona ndugu yao akilia, amelala kwenye vumbi na hakuna aliyemshika hata mkono. Mwenye nondo aliiacha ianguke. Walimbeba mbio hadi hospitali.

Maman Bibiane alifika huko na vumbi la soko miguuni. Alisikiliza yote, kisha akamwambia Guy kwa sauti ya chini, "Jina la mutoto wangu, ulilitumia kwa kuvunja mutoto wa mwenzangu." Guy, aliyevumilia mawe bila machozi, alilia.

Jumatatu, kocha aliwaita wavulana pamoja na wazazi wao. Alikuwa na nyuzi sita juu ya jicho. Aliuliza nani mwingine amekata miaka. Mkono mmoja ukainuka, na mingine ikafuata. Ambao hawakuinua mkono walibaki kumi na tisa.

"Bale kumi na tisa banatosha," alisema. "Munisikilize. Mpango wangu ni wa miaka mitano. Mwenye anaficha miaka mine, siku benzake banaanza kuiva, yeye atakuwa ameshachoka. Na kabla ya ile siku, atakuwa amevunja batoto. Radi haikuanguka sababu ya miguu mibaya, ilianguka sababu ya uongo wa namna hii."

Guy aliondolewa kikosini. Kwa amri ya mama yake, angembeba Cirhuza mgongoni kila asubuhi hadi shuleni, mpaka plasta itakapotolewa.

Kisha kocha alimgeukia Colombe. "Ulisema ukweli mbele ya mawe, na ninakushukuru. Lakini ulisema mfupa ukiwa umeshavunjika. Mara ingine usingoje damu."

"Ndiyo, papa coach," Colombe alijibu, akimtazama Cirhuza aliyekaa kwenye benchi na mguu wake wenye plasta nyeupe umenyooshwa mbele.