Injini ya Constantine

Injini ilitoa maji kabla haijatiwa majini. Ndalahwa alikuwa ameifunga kwenye benchi uani kwake, Ngulyati, kavu kabisa, anafungua plagi, mara kitundu cha maji ya kupozea kikaanza kuchuruzika. Aliyagusa. Yalikuwa ya vuguvugu, yananuka dagaa waliooza.

“Mabaki tu,” alijiambia. Alikuwa fundi hodari wa pikipiki, na mafundi wa aina hiyo hudhani kila chenye plagi ni ndugu yao.

Injini ilikuwa ya kaka yake, Constantine, mvuvi wa Lamadi. Ziwa lilimchukua siku ya dhoruba. Wenzake waliokokota nyavu walipata injini, yeye hawakumpata. Katika ukoo wao, aliyezama asionekane huchimbiwa kaburi tupu. Shati lake hulazwa ndani, mjane hutupa udongo wa kwanza na kumuaga, ndipo mali yake huguswa. Ndalahwa hakuwa na subira hiyo. Mustapha, mchuuzi wa samaki wa Nyalikungu, alikuwa anakuja alasiri kuisikia ikinguruma.

“Shemeji, tumzike kwanza,” Kwandu alimwambia. Alikuwa akiliomba hilo tangu msibani, na kila alipoomba sauti ilizidi kufifia. “Sijui hata kama mimi ni mke au mjane.”

“Kaburi halikimbii, shemeji. Mteja ndiye anayekimbia. Jaza pipa.”

Kwandu alijaza. Ndalahwa akasafisha kabureta, akafuta plagi, akachanganya petroli na oili, akaitundika injini ukingoni mwa pipa na kuvuta kamba. Ikakohoa. Ikanyamaza kidogo, kisha ikasafisha koo.

Ndoo ilimtoka Kwandu. “Ndivyo anavyokohoa akiamka,” alinong'ona.

“Ni mafuta hayajapanda.”

Alichungulia chini akaona pangaboi limezongwa na kitu. Alidhani ni uzi wa nyavu. Zilikuwa nywele, bado zimeshika kipande cha ngozi. Aibu ya kuogopa mbele ya mwanamke ilimshinda, akazikata kwa kisu na kuwatupia kuku. Kuku walikimbilia uvunguni mwa ghala, hawakutoka tena.

Akavuta tena, na safari hii kamba haikuja, ila ilivutwa kutoka upande wa pili, taratibu, kama mtu anayejaribu uzito wa aliyemshika, na Ndalahwa, badala ya kuiachia kama ambavyo mwenye akili angefanya, aliweka mguu kwenye pipa akavuta kwa nguvu zake zote huku Kwandu akimsihi aache, akavuta mpaka kitu kizito kikaachia huko kilikokuwa, na injini ikawaka, na maji ya bomba ndani ya pipa yakageuka meusi yenye harufu ya ziwa.

Mustapha aliikuta inanguruma vizuri. Aliisikiliza, akaridhika, akaipakia na kuondoka nayo.

Kikohozi kilibaki. Wakati wa kula ugali kilikuwa kooni mwa Ndalahwa, na pembeni ya mdomo wake maji ya vuguvugu yakawa yanachuruzika, membamba, yasiyokatika hata afute vipi.

Asubuhi alifuatwa mganga Bujiku kule Migato. Mzee alinusa yale maji, akasogea nyuma.

“Ng'wanone, mwanangu, umemvuta, naye amekuja. Si kaka yako. Huyu ni jini aliyemla kaka yako, sauti akabaki nayo.” Akamgeukia Kwandu. “Mayu, mama, tupa udongo, umwambie marehemu aende. Akiondoka na sauti yake, jini hatakuwa na cha kushikilia. Jua likizama hujafanya, mwili huu ni wake.”

Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba, shati likalazwa. Jua lilikuwa limeshagusa mtama. Kwandu aliinama, akajaza udongo kiganjani.

“Mama Limbu,” kinywa cha Ndalahwa kikasema, kwa sauti ya Constantine, ile ile nzito ya asubuhi. “Nimerudi. Kule kuna baridi.”

Na Ndalahwa, ambaye alikuwa amesukumwa chini kabisa ndani ya mwili wake mwenyewe, mahali penye giza na maji yanayopanda, alimwona shemeji yake kwa mbali kupitia macho yasiyomtii tena, akampigia kelele atupe, atupe, amhurumie atupe, na kila alipofungua kinywa maji yalimwingia.

“Si yeye, mayu,” Bujiku alisema kwa hofu.

“Najua.”

Kwandu aliutazama udongo, kisha akautazama uso ule. Akafungua vidole, akaurudisha udongo pale pale kwenye rundo, akapangusa mikono kwenye kanga.

“Kaburi halikimbii, shemeji,” alisema kwa upole.

Kisha akaushika mkono uliokuwa umelowa. “Twende ndani, baba Limbu. Chakula kitapoa.”