Nilisimama Mkutanoni Nikasema Kwetu Hakuna Mjamzito Anayekunywa

Nina miaka thelathini na sita, ni mama wa watoto watatu, na naishi Makanyagio, hapa Mpanda mjini. Wawili wa kwanza, Joshua na mdogo wake, ni wazima kabisa. Wa tatu, Shukuru, ndiye aliyenifanya niandike haya... maana yaliyompata niliyafanya mimi. Si jirani, si mchawi. Mimi!

Naomba mnivumilie nieleze polepole, kwa sababu najua wapo wanawake walio pale pale nilipokuwa.

Kwetu ni Inyonga, kwenye asali. Mama yangu alipika wanzuki, ile pombe ya asali, nami nikaichukua kazi hiyo kwake. Mume wangu, Masanja, ni Msukuma mwenye ng'ombe. Miezi mingi yuko machungani upande wa Mwese, kwa hiyo nyumba niliiendesha mimi. Mbele niliuza wanzuki. Uani, kwa kificho, niliuza gongo, ile pombe kali ya haramu.

Sasa kuna jambo ambalo huenda wengine hamlijui. Kwetu mteja hanywi mpaka muuzaji aonje kwanza, mbele ya macho yake. Tunaita kutoa sumu. Ukikataa kuonja, mteja anaamka na kwenda kwingine, na kesho mtaa mzima unajua kwamba pombe yako ina mkono wa mtu.

Kila jagi, funda moja. Kila kikombe cha gongo, funda moja. Toka asubuhi mpaka jua linazama!

Je, nilijiona mnywaji? Hata kidogo! Mnywaji kwangu alikuwa yule anayelala mtaroni. Mimi nilikuwa kazini. Nilipopata mimba ya Shukuru, nesi wa kliniki aliniuliza kama natumia pombe, nikajibu hapana bila kupepesa jicho. Akaandika hapana kwenye kadi. Nami nikaamini kwamba nimesema kweli...

Mtu mmoja tu hakudanganyika. Jirani yangu Mama Kulwa, mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba mtaani kwetu. Alikuwa ananinunulia karanga, anakaa nami, anazungumza taratibu. Siku moja aliniambia, "Mama Joshua, mwenzangu, hilo funda halipiti tumboni kwako peke yako. Mtoto naye anatoa sumu." Nilicheka. Nikamwambia basi aje aonje yeye badala yangu, maana tumbo lake ni tupu!

Hakukasirika. Aliandika ombi kwa uongozi, akieleza habari za wajawazito wenye shida ya pombe bila kutaja jina la yeyote. Kumbe manispaa nayo ilikuwa na mpango huo: nesi aliyesomea kazi hiyo, na afisa ustawi wa jamii wa kuwafuata akina mama mpaka nyumbani. Ila ingeanza na kata moja. Diwani akaja kwenye mkutano wa mtaa kutuuliza: je, nyie mnaihitaji, au fedha ziende kwenye kalavati la barabara?

Jamani... siku ile!

Mtendaji wa mtaa alikuwa amekaa pale mbele na daftari lake. Ni yule yule ambaye mwezi mmoja kabla alikuja uani kwangu na mgambo, wakamwaga pipa zima la gongo nikiangalia. Nikajiambia, huu ni mtego. Nani atamwaga pombe yako leo, halafu kesho akuite kwa upole umweleze unavyoinywa? Nikaona wanataka majina tu, wakamate wanawake, wawachukue na watoto wao.

Nikasimama, tumbo la miezi minne limeanza kuonekana. Nikasema, "Mheshimiwa diwani, shikamoo. Mnatutukana! Wanawake wa mtaa huu si walevi. Kwetu hapa hakuna mjamzito anayekunywa. Kama kuna mtu kawaambia, huyo anatafuta posho kwa migongo yetu!"

Vigelegele vililipuka. "Sema, mama, sema!" Mzee mmoja mteja wangu akainuka akishika kitambi chake, akapiga kelele, "Labda mimi, mheshimiwa! Mimba yangu hii ndiyo inakunywa!" Mkutano mzima ukaangua kicheko.

Mama Kulwa alikuwa amekaa mkekani, hatua chache kutoka niliposimama. Kila mtu alijua nani kaandika ombi. Aliinama tu, akawa anang'oa nyuzi za mkeka. Yule mama hakuwahi kunitaja kwa mtu, nami nilimuita mwizi wa posho mbele ya watu mia!

Diwani aliuliza mara mbili kama kuna mwenye maoni tofauti. Hakuna aliyenyoosha mkono. Basi, mtendaji akaandika, tukachagua kalavati badala yake, na ile huduma ikaenda kata ya Shanwe.

Nilirudi nyumbani kama mshindi. Wateja walinipongeza. Na kwa kila aliyenipongeza... nilitoa sumu.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, mtoto alianza kupunguza kucheza. Hofu ikaniingia. Nikaamua kuacha, peke yangu, siku hiyo hiyo. Ndugu zangu, mwili uliozoea pombe kila siku haukubali kukatiwa ghafla. Kesho yake mikono ilitetemeka hata kijiko sikushika. Jasho, kutapika, nikawa naona wadudu ukutani ambao watoto wangu hawakuwaona. Sikujua kwamba hali ile inaweza kuua mama na mtoto wote, na kwamba inatakiwa mtu ashushwe pole pole, chini ya uangalizi wa wataalamu. Nilijua kitu kimoja tu: nikinywa, inatulia. Nikanywa. Ikatulia.

Hapo ndipo nilipojua mimi ni mnywaji.

Nilipanda bodaboda mpaka Shanwe. Nilifika kabisa kwenye geti la kituo chenye ile huduma! Pale kwenye benchi la wanaosubiri nikamwona mwanamke wa mtaa wetu, mmoja wa waliopiga vigelegele siku ile. Naye aliniona. Kumbe alikuwa anakuja kimyakimya, akificha tumbo kwa kanga! Badala ya kwenda kukaa naye, nilimwambia bodaboda ageuze. Nani angekubali kuonekana, baada ya maneno niliyosema? Aibu iliniburuza mpaka nyumbani, na nyumbani jagi lilikuwa linanisubiri.

Uchungu ulinishika wiki tano kabla ya siku zangu, nikakimbizwa hospitali. Shukuru alizaliwa mdogo, mdogo... mkono wake ulikuwa mwembamba kama kidole changu cha kati. Alilia sauti nyembamba isiyokoma, na alikuwa anatetemeka. Hakunyonya.

Daktari akaniuliza, "Mama, ulitumia pombe au dawa yoyote wakati wa ujauzito?"

Kadi ilisema hapana. Nami nikasema hapana.

Basi wakaanza kutafuta. Wakapima sukari. Wakapima malaria. Wakatafuta maambukizi. Kila kipimo, sindano. Mguu ule mdogo ukaisha nafasi ya kuchoma, wakahamia kichwani. Siku mbili nilikaa nikitazama mwanangu akichomwa kutafuta kitu ambacho mimi nilikuwa nakijua! Kuna mama wa namna hiyo? Yupo. Mnamsoma.

Siku ya tatu asubuhi, nesi alikuja na sindano nyingine. Nikamshika mkono. Nikasema, "Dada, usimchome. Nilikuwa nakunywa. Kila siku. Gongo." Nikafumba macho nikisubiri kofi, au kelele za kuita mgambo.

Aliweka sindano kwenye trei. Akasema, "Asante, mama. Sasa tunajua pa kuanzia." Halafu akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea: "Na wewe mwenyewe unatetemeka tangu lini?"

Mchana huo akaja afisa ustawi wa jamii, kijana mpole mwenye begi la mgongoni. Hakuuliza pombe naipikia wapi. Aliuliza kama nimekula. Wakanianzishia dawa, na Shukuru akawekwa kwenye chumba chenye mwanga hafifu, kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi. Siku ya tano alinyonya. Nililia mpaka wenzangu wodini wakafikiri nimefiwa!

Aliyeniletea uji siku zote zile ni Mama Kulwa. Nilipoanza kuomba msamaha alinikatiza, "Kunywa uji kwanza, utaongea ukishiba."

Masanja alikuja kutoka machungani, akamtazama mtoto, akaniuliza swali moja. Nikamjibu kweli. Alikaa nje siku nzima, kisha akarudi kwa ng'ombe wake. Anatuma chakula, anakuja kuwaona watoto, lakini mimi haniangalii usoni. Simlaumu.

Nimeacha pombe, kuinywa na kuiuza. Miezi minane nilikwenda Shanwe kila wiki, nikakaa kwenye benchi lile lile. Sasa nauza asali, ambayo mtu huonja mwenyewe. Ombi la huduma kwa kata yetu tumeliandika upya, jina langu likiwa la kwanza. Bado tunasubiri jibu.

Shukuru ana miaka mitatu. Ameanza kutembea mwaka huu. Anasema maneno manne, na daktari amenieleza bila kunificha kwamba mengine yatachelewa, na mengine huenda yasije. Anapenda kupiga makofi. Akipiga, nami napiga, na ninapogeuka kuangalia pembeni huwa nafuta machozi.

Wewe uliye na mimba na unakunywa, sijui jina lako na sitaki kulijua. Usidanganywe na neno "naonja tu." Usidhani anayekuuliza kliniki anatafuta kukufunga. Wala usijifungie ndani uache peke yako, utaumia. Na kubwa zaidi ya yote, usisubiri uwe msafi kwanza ndipo uende. Mimi nilisubiri hivyo, na aliyelipa ni mtoto.

Nenda ukiwa bado unanuka pombe. Nenda hivyo hivyo, dada yangu. Watakupokea.